Msaliti kwa Asilimia Sabini na Moja

MOJA

Mtazamaji wa kwanza asubuhi ile alikuwa na ugomvi na mwavuli. Alidai kwamba katika filamu ya Koti la Mvua ya zamani, ile yenyewe, jasusi alibeba mwavuli mweusi, na sisi wapuuzi wa Kituo cha Upeo tumempa wa kahawia, na tangu tuurushe hewani mwavuli huo yeye chakula hakimpiti kooni. Wa pili, mama mmoja wa Singida, alikiri kwamba jasusi wetu mpya ana sura nzuri ila hana uzito. Yule wa zamani akinyanyua tu kikombe cha chai, ulijua kuna mtu hatafika kesho. Wa tatu hakuwa ameitazama kabisa. Alijua tu kwamba tumeiharibu. Huyo nilimpenda. Kati ya watazamaji milioni nne, yeye peke yake hakupoteza muda wake.

Nikatia kidole kwenye kioo. Maoni mia mbili yakaenda zake, yakaja mengine mia mbili.

Hiyo ndiyo kazi yangu: msomaji wa maoni, dawati la saba, ghorofa ya tatu, Dodoma. Mashine yenyewe inaitwa Chekeche, na haihitaji macho yangu, inasoma kuliko mimi. Inahitaji kidole. Sheria inasema maoni ya umma yasiingie kwenye uandishi wa tamthilia mpaka binadamu ayapitishe, na sababu yake ni ya busara sana: mambo yakiharibika, mashine huwezi kuipeleka rumande.

Kila mtazamaji ana kipele, kidude cha ukubwa wa punje ya mtama kinachobandikwa nyuma ya sikio. Akitazama, kipele kinasoma anachokumbuka na anakikumbuka kwa nguvu gani. Mkanda wa Koti la Mvua haupo tena duniani. Nakala ya mwisho iliozea ghalani huko huko ulikotoka, kwenye nchi za baridi. Kwa hiyo Upeo hawakuirudia filamu. Walirudia kumbukumbu ya filamu. Jambo likikumbukwa namna moja na watu sitini katika kila mia, Chekeche inaliita kumbukumbu thabiti, na sehemu inayofuata inaandikwa hivyo. Kumbukumbu thabiti inakwenda pia kwenye Daftari la Umma, ambako ofisi zote huchungulia kabla ya kukupa cheti cha sifa, maana kuna mheshimiwa mmoja alisimama akasema wananchi hawawezi kukosea wote kwa pamoja. Akapigiwa makofi. Mimi nina miaka sitini na minane na nimekuwa mwananchi muda wote huo. Tunaweza.

Sasa, kuna kitu sikukiandika kwenye barua ya kuomba kazi.

Nikiwa kijana nilikuwa mtafsiri wa filamu katika kibanda cha video kule Tabora, nyuma ya soko. Kwa mliozaliwa juzi: mtafsiri alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, filamu inazungumza lugha yake, yeye anawaeleza watu kwa Kiswahili nani kasema nini. Lugha za zile filamu nilikuwa sijui hata moja. Nilijua watu. Mwenye koti akifungua barua, nilisema inatoka kwa mama yake anayeumwa, kwa sababu wiki ile mwenye kibanda alikuwa amefiwa na mama na nilitaka aniongezee siku za kazi. Ukumbi mzima ukalia. Basi kuanzia siku ile barua ikawa ya mama. Koti la Mvua niliitafsiri labda mara mia mbili, sauti yangu ikarekodiwa, kanda zikasambaa Kigoma, Kahama, Mpanda, Shinyanga, mpaka visiwani ziwani.

Kwa hiyo fikiria raha niliyokuwa nayo dawati la saba. Mtu ananiandikia kwa herufi za hasira kwamba tamthilia mpya imeacha maneno makubwa ya jasusi, yale ya "mwenye siri halali chali," na kwamba hakuna mwandishi wa siku hizi anayeweza kubuni neno kama lile. Neno lile nililibuni huku natafuna muhogo. Wengine walinukuu kurasa nzima, wakatoa ufafanuzi, mmoja wa chuo kikuu akaona humo falsafa ya upweke. Niliwadharau kwa moyo wangu wote, halafu kila asubuhi nawahi kazini kama bwana harusi.

Sehemu ya sita ilipokaribia, Chekeche ikatema jambo jipya. Watazamaji walikuwa wanakumbuka msaliti ni nani. Jina: Feruzi. Mwembamba, mrefu, bega la kushoto limeshuka, shati limepigwa pasi kama la mtihani. Jina limekumbukwa, uso umekumbukwa, mwendo umekumbukwa, asilimia sabini na moja.

Ule uso niliufahamu. Haukuwa wa mwigizaji yeyote. Nikacheka peke yangu, nikatia kidole.

MBILI

Alikuja baada ya wiki mbili, kwa treni, akiwa na miaka themanini na mitatu na shati lililopigwa pasi.

Mtu yeyote anayepinga kumbukumbu thabiti ana haki ya kuisemea mbele ya msomaji, na zamu hiyo ilikuwa yangu. Alikaa, akaweka kofia magotini, akaanza bila kunitazama usoni. Jina lake Feruzi Mulenda. Fundi mstaafu wa taa za ishara za reli. Anaishi Tabora, Makazi ya Utulivu, nyumba ya wazee, chumba kimoja na mke wake Bi Tatu, ambaye hajainuka kitandani mwaka wa pili sasa. Tangu sehemu ya sita, alama zake za sifa, zinazotoka kwenye Daftari la Umma, zimeshuka kutoka tisini na moja hadi ishirini na mbili. Asiyefikisha thelathini haruhusiwi kukaa pale mpaka wenzake wampigie kura, na wenzake, alisema kwa utulivu, hawakai naye meza moja tena. Kura ni Jumamosi ya wiki ijayo. Akitoka, atatoka yeye. Bi Tatu ana alama zake nzuri, atabaki, na hakuna mwingine anayejua kumgeuza bila kumuumiza nyonga.

Alisema hakuja kuonewa huruma. Alikuja kusahihisha.

Nikamuuliza swali lililoandikwa kwenye fomu, kama ana shahidi. Akainua mkono.

"Sema tena."

"Nimeuliza, una shahidi, mzee?"

Safari hii alinitazama usoni. Watu wote wa Tabora walinisikia miaka ile, lakini huyu peke yake ndiye aliyekuwa akinisikiliza.

"Chande Mapalala," alisema. "Wa kibandani."

"Shikamoo, mzee Feruzi."

"Marahaba. Naona bado unawaambia watu kilichosemwa."

Nilistahili. Hapa niwaeleze yaliyotupata zamani. Feruzi alisomea taa za reli miaka mitano kwenye nchi ile ile iliyotengeneza Koti la Mvua, na lugha yao aliijua kama anavyojua mkono wake. Alikuwa akija kibandani Jumapili, anakaa benchi la mbele. Mara ya kwanza nilipotafsiri barua ya mama, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwambia kiatu chako kimefunguka: "Hakusema hivyo." Watu wakacheka. Wakanicheka mimi. Jumapili iliyofuata, tena. Hakusema hivyo. Mara ya tatu nilikuwa nimejiandaa. Mwembamba mmoja akatokea kwenye kioo ananong'ona na maadui, nami nikasogeza kipaza sauti mdomoni nikasema, jamani, mnamwona huyu? Huyu mwenye bega lililoshuka na shati la pasi ndiye anayeuza nchi. Na jina lake ni Feruzi.

Watu mia na ishirini wakageuka kwa pamoja kutazama benchi la mbele. Wakacheka mpaka mabati yakatikisika. Kwenye kioo kulikuwa na sura ya mgeni yule, ila hakuna aliyekuwa anatazama kioo. Na siku ile ndiyo walikuwa wanarekodi sauti yangu, kwa hiyo jina, bega na shati vikasambaa na kanda, ndiyo maana vipele leo vinatoa sura ya Feruzi. Mashine haikukosea chochote. Ilisoma kwa usahihi kabisa kicheko cha watoto wa Tabora.

Hakurudi tena kibandani. Nilidhani nimeshinda. Sasa akanieleza kwamba waliendelea kumwita msaliti mpaka stesheni, wakamwita hivyo kwenye harusi ya mdogo wake, kwa utani, miaka na miaka, na utani usio na mwisho hauitwi utani. Ulikuja kufa wenyewe, walipozeeka waliokuwa wakiuimba. Sasa tumeufufua, tukauvalisha koti.

"Nataka jambo moja tu," alisema. "Useme kilichokuwa kweli."

TATU

Nilimwendea Eliwaza Mringo, mkuu wa tamthilia, mwanamke wa Upareni mwenye akili nyingi na subira kidogo. Nikamweleza yote, kibanda, muhogo, mama mgonjwa, benchi la mbele. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu alikuwa ameshafika mwisho wa hesabu: kama mimi nasema kweli, basi Upeo hawakurudia filamu ya kale iliyopendwa. Wamerudia mbahatishaji mmoja wa nyuma ya soko.

Nilitarajia anitishie kazi. Alinionea huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. Alisema kuna kanuni ya chanzo: aliyezalisha kumbukumbu anaweza kuikana mbele ya watazamaji, atapewa dakika tatu baada ya sehemu ya saba, kisha Chekeche itapima kama wamemwamini.

"Sitakuzuia, mzee Chande," alisema. "Watakuzuia wenyewe."

Nikasimama mbele ya kamera nikiwa nimevaa suti ya mazishi. Nikasema ukweli, pole pole, bila kunogesha hata kidogo. Msaliti sikumjua ni nani wala kama yupo. Jina nililitunga kwa chuki. Mzee Feruzi Mulenda hana hatia, alinikosoa kwa haki. Naomba radhi.

Asubuhi nikasoma majibu dawatini kwangu, nikiwa msomaji wa maoni kuhusu mimi.

Mtu wa Nzega aliandika kwamba mtafsiri wa kweli alikuwa mrefu, na huyu ni mfupi. Mwingine alisema hata sauti haifanani, ya mtafsiri wa kweli ilikuwa inakuingia mifupani. Mama mmoja wa Urambo aliapa kwamba yule mtafsiri alishafariki zamani, Mungu amrehemu, na yeye mwenyewe alipika msibani. Wengine elfu hamsini walijiuliza Feruzi amempa nini huyu mzee ili amsafishe. Mmoja, kijana wa kuzaliwa baada ya vibanda vyote kubomolewa, aliniambia nisimfundishe utoto wake.

Waliosadiki: watatu katika elfu.

Eliwaza akanieleza kwa nini, na sikumlaumu. Chekeche haipimi kweli, inapima uzito. Ulipokuwa na miaka kumi na miwili, umebanana na rafiki zako kwenye benchi, ukacheka mpaka ukalia, kumbukumbu hiyo ina uzito wa jiwe la kusagia. Mzee aliyevaa suti akikueleza kwamba ulikosea ana uzito wa ganda la karanga. Ukweli wangu ulifika mezani bila kicheko, na watu hawa sikuwahi kuwafundisha kula chakula cha namna hiyo.

Alama za Feruzi zikashuka hadi kumi na saba. Sasa alikuwa msaliti na tena anayehonga.

NNE

Niliwaza siku mbili, na nilichokipata hakikuwa kigeni. Nawajua watazamaji. Hawataki ukweli, hawataki hata haki, hao wanataka msaliti. Ukimchukua uliyewapa watakung'ata. Lazima uwape mwingine, mnono zaidi.

Kuna kipindi kinaitwa Baraza la Watazamaji, kinarushwa moja kwa moja saa moja jioni, siku chache baada ya kila sehemu, vipele vyote vikiwa wazi. Nikampigia simu Feruzi nikamweleza nitakachofanya. Msaliti katika vichwa vyao ana uso wa Feruzi, lakini sauti ni yangu. Sauti zote zilikuwa zangu, na ile ya kunong'ona ndiyo niliyoitoa bila kuigeuza. Nitawakumbusha sauti. Halafu nitawapa sababu ya Feruzi kukaa benchi la mbele: alikuwa ananichunguza mimi. Yeye ndiye jasusi, na kila aliposema hakusema hivyo, alikuwa ananianika.

Akasikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Huo ni uongo," alisema.

"Ni uongo utakaokubalika, mzee."

"Mimi nilikuletea kosa moja ulifute. Wewe unataka kunirudishia mawili."

"Kura ni Jumamosi."

"Kalenda ninayo."

"Na Bi Tatu nani atamgeuza?"

Nilisikia kikohozi cha mwanamke nyuma yake, kisha Feruzi akashusha sauti.

"Mke wangu usimfanye hoja. Nimekukataza, Chande. Umenisikia?"

Nikasema nimekusikia. Akakata.

Sasa hapo nipimeni. Mtu aliniomba jambo moja tu katika maisha yake, mara mbili, miaka arobaini na nne kati yake: niseme kilichokuwa kweli. Mara ya kwanza nilimvunja kwa uongo. Mara ya pili nikamwambia ndiyo, nikausema ukweli, nao ukamwongezea mzigo. Mwenye jina ni yeye, na amekataa. Nina haki gani ya kumwokoa kwa kitu alichokichukia maisha yake yote? Upande wa pili kuna mwanamke kitandani ambaye hakuulizwa na mtu yeyote, pamoja na mimi. Nililipindua hili mpaka nikachoka, na sitawadanganya, kulikuwa pia na ile hamu chafu: miaka arobaini na nne sijashika kipaza sauti mbele ya watu wanaonisikiliza.

Jioni ile sikuvaa suti.

Mtangazaji alitegemea mzee wa kuomba radhi tena. Nikamwomba kipaza sauti cha mkononi, siyo kile cha kubandika kifuani, nikakaa kando ya kioo kama zamani, mguu juu ya mguu.

"Watazamaji wangu," nilisema, "mnaendeleaje, wajinga nyinyi?"

Nikawaambia mimi ndiye, na kwamba zamani waliniona mrefu kwa sababu wao walikuwa wamekaa chini. Nikawaambia ile barua waliyoililia labda ilikuwa risiti ya dobi. Yule msomi wa falsafa ya upweke nikamtajia uzito wa muhogo uliomzalia falsafa. Nikamkumbusha mama wa Urambo kwamba kama alipika msibani kwangu, basi wali ule nao niliubuni mimi. Kwenye kioo kidogo cha pembeni niliona mstari wa Chekeche ukipanda. Hasira ina uzito mzuri sana, karibu na kicheko.

Walipoiva, nikashusha sauti. Nikanong'ona. Ile ile sauti, maneno yale yale, ya mwembamba aliyeongea na maadui. Mtangazaji aliruka kwenye kiti. Niliona mkono wake umesimama vinyweleo, na watazamaji milioni nne nadhani walikuwa hivyo hivyo, kwa sababu mstari ulisimama wima.

"Miaka yote mmeisikia sauti hii, mkaenda kumtafuta mwenye bega," niliwaambia. "Nilikuwa nawauza mbele ya macho yenu, na mkanipigia makofi. Mtu mmoja tu alinigundua. Alikaa mbele, akasema wazi kila Jumapili kwamba nadanganya. Mkamcheka."

Nikaweka kipaza sauti mezani, nikaondoka. Nyuma nilimsikia Eliwaza, chumba cha mitambo, anasema taratibu, jamani, jamani.

Hakukuwa na haja ya kusubiri wiki. Kufikia kesho yake saa sita mchana, asilimia themanini na tatu ya watazamaji walikumbuka kwamba msaliti alikuwa mtafsiri, na kwamba wao siku zote walikuwa wanajua. Themanini na tatu. Walieleza dalili. Mtu wa Nzega alisema ufupi wangu ulimtia mashaka tangu mwanzo. Kijana wa kuzaliwa juzi alikumbuka kabisa Feruzi akiwa amekaa benchi la mbele kishujaa, mwanga umemwangukia. Alikuwa hajazaliwa, lakini mwanga aliuona.

Alama za Feruzi Mulenda: tisini na sita. Zangu: sita. Kidole changu kikakataliwa kwenye kioo cha dawati la saba, na pia kwenye mlango wa choo cha ghorofa ya tatu, jambo ambalo niliona limezidi.

TANO

Nilipanda treni kwenda Tabora Jumatatu iliyofuata. Kura ilikuwa imefutwa, haikuwa na maana tena. Sikuwa na sababu nzuri ya kwenda, ila sikuwa na pengine pa kwenda, na kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kunitukana kwa mambo niliyoyafanya kweli.

Njiani mama mmoja aliyekaa mkabala nami aliniangalia, akagusa kipele chake, akanisonya msonyo mrefu, uliopangika, unaoanzia Manyoni na kuishia Itigi. Nilimheshimu. Alikuwa na pumzi.

Makazi ya Utulivu yana geti la kijani. Wazee kama ishirini walikuwa wamejipanga ndani yake, maana habari za mtu mwenye alama sita hutangulia treni. Walikuwa na fimbo za kutembelea, na siku ile nilijifunza kwamba zina kazi nyingine. Mzee mmoja aliyekuwa na kofia ya lasi alitangaza kwamba huyu ndiye aliyemtesa shujaa wetu. Bibi mmoja akasema niingie tu nione. Hao ndio waliokuwa wamekataa kula naye meza moja wiki mbili zilizopita. Nyuma yao, kwenye ukumbi ulio wazi, niliona kiti cha enzi walichomtengenezea: kiti kikubwa chenye mikono, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, kimewekwa mbele ya televisheni. Hakuna aliyekuwa amekikalia.

Fimbo ya kwanza ilinipata begani. Ya pili ilikuwa inakuja.

"Msimguse."

Feruzi alitoka chumbani kwake pole pole, bega limeshuka, beseni la maji mkononi. Alikuwa anamwogesha mkewe. Wazee wakampisha njia kama waziri, na nikaona jinsi uso wake ulivyokunjamana kwa kupishwa.

Yule wa kofia ya lasi akaanza kumweleza kwamba huyu ni msaliti.

"Si msaliti," alisema Feruzi. "Ni mwongo tu."

Wakasubiri aendelee. Hakuendelea. Kwake yeye hukumu ilikuwa imekamilika, na kila neno lilikuwa mahali pake. Fimbo zikashuka moja moja. Niliona wengine wamevunjika moyo. Walikuwa wameamka mapema.

Nikamwambia shikamoo. Hakuitikia. Akamwaga maji kwenye mfereji, akaniambia nilimkataza. Nikasema ndiyo. Akasema sasa wanamwamkia kabla hajapiga mswaki, wanamwomba awasimulie alivyonichunguza, na akisema hakunichunguza wanasema ona shujaa asivyojivuna. Amewaambia wote. Hakuna anayeelewa. Alikuwa na sifa mbaya ya kusingiziwa, sasa ana sifa nzuri ya kusingiziwa, na ile mbaya angalau ilikuwa inamwachia nafasi ya kukaa peke yake.

"Ila nimelala na mke wangu chumba kimoja," alisema, kama mtu anayesoma kipimo asichokipenda. "Hilo nalo ni kweli. Sitakushukuru."

Nikasema sikuja kushukuriwa.

"Umekuja kufanya nini?"

Nikavua viatu vyangu. Akanitazama, kisha akasukuma mlango wa chumba chake kwa mguu.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili vilivyosogezwa vikawa kimoja. Bi Tatu alikuwa amelala ubavu, mdogo kama mto, macho makali. Aliniangalia akasema kumbe ni huyu, na kwamba yeye enzi hizo alikuwa anaipenda sana ile barua ya mama. Feruzi akamwambia atulie. Akaniwekea kigoda, akakaa ukingoni mwa kitanda, akapangusa mikono.

Akanisimulia Koti la Mvua. Kuanzia picha ya kwanza. Kila mtu alisema nini, kwa mpangilio, na pale ambapo hakukumbuka vizuri alisema hapa sikumbuki vizuri. Ilimchukua saa nzima na zaidi, na katikati alisimama mara mbili kumgeuza mkewe. Mwenye koti alikuwa karani wa forodha aliyefuatwa kimakosa. Barua ilikuwa ya uhamisho wa kazi. Yule mwembamba wa kunong'ona alikuwa anauliza njia ya stesheni. Hakukuwa na msaliti. Mwishoni wanampa karani koti lake, anapanda gari moshi, mvua inanyesha, basi.

Bi Tatu alikuwa amesinzia zamani.

Feruzi akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa, mzee.

"Basi rudia."

Nikarudia. Nilianza na picha ya kwanza. Kwenye forodha ulimi ulinituma niweke bastola, nikaumeza. Kwenye barua nilisita, akainua kidole, nikasema uhamisho wa kazi. Sikuongeza neno, sikumpa mtu mama wala jina. Alinikatiza mara nne tu, akanisahihisha, nikarudi nyuma nikasema upya. Nje wazee walikuwa wamewasha televisheni. Nikaendelea mpaka kwenye gari moshi na mvua.

Katika filamu zote nilizowahi kuwatafsiria watu, ile ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.